Simu yangu inaendeshwa kwa programu huria: mbona kufuli haiko mikononi mwangu?

1. Kiraka wa Umoja

Hamjambo wanajukwaa. Nina swali linalonisumbua tangu Jumamosi, na naomba mnijibu kwa hoja badala ya kunishauri ninunue simu nyingine.

Simu yangu niliinunua mwaka 2019 katika duka moja la Moi Avenue, Nairobi. Kioo hakina ufa, kamera inaona vizuri, na betri niliibadilisha mwaka jana. Ila yake ni moja tu: mtengenezaji aliacha kuitumia masasisho baada ya miaka 2, na mwezi uliopita programu ya benki yangu ikaanza kuniambia kwamba toleo la Android nililo nalo limepitwa na wakati na haitafunguka tena. Nikaenda Luthuli, ghorofa ya pili, kwa fundi ambaye kibanda chake kinatosha meza moja na kiti kimoja, mteja akisimama. Aliiunganisha simu na tarakilishi yake, akaniuliza mara mbili kama nimehifadhi picha zangu mahali pengine, kisha akafuta kila kitu na kuweka LineageOS, toleo huria la Android linalotunzwa na watu wanaojitolea. Kama dakika 40 baadaye simu iliwaka ikiwa nyepesi kuliko siku niliyoinunua, na ukurasa wa mipangilio ukaonyesha marekebisho ya usalama ya mwezi uleule.

Nilipopanda matatu ya kurudi Umoja nikapakua tena programu ya benki. Ilifunguka, ikafikiri kidogo, kisha ikaniandikia kwamba kifaa hiki kimebadilishwa na hakiwezi kutumika kwa sababu za kiusalama.

Kwa hiyo nilikataliwa kwa kuwa na mfumo wa zamani, na nilipoweka mpya nikakataliwa kwa kuwa nimeuweka mwenyewe. Android imejengwa juu ya Linux, mfumo huria, na msimbo wake, yaani maandishi ambayo programu hutengenezwa kwayo, uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Dai langu ni hili: makampuni makubwa yamechukua kazi ya watu waliojitolea, yakaitia ndani ya sanduku, yakafunga sanduku kwa kufuli, kisha yakatuuzia sanduku na kubaki na ufunguo. Nani atanipinga?

2. Mama Pili, South B

Pole sana. Nunua simu nyingine.

Nimeona umesema tusikushauri hivyo, lakini ushauri mzuri haupotei kwa kukatazwa. Hata hivyo, umeeleza kibanda, kiti na dakika, ila hukutuambia fundi alikutoza kiasi gani. Ni kiasi gani?

3. Bwana Kerneli

Ndugu Kiraka, umechanganya vitu viwili, na ukivitenganisha utaona hasira yako inapaswa kuelekezwa wapi.

Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na kerneli yake, yaani kiini cha mfumo kinachoendesha kifaa, ina leseni ya GPL, ambayo humlazimu kila anayeisambaza kumpa mpokeaji msimbo pia, pamoja na mabadiliko aliyoyafanya. Android yenyewe ilianza kama kampuni ndogo mwaka 2003, ikanunuliwa na Google mwaka 2005, na simu ya kwanza ikauzwa mwaka 2008. Sehemu kubwa ya msimbo wake iko chini ya leseni ya Apache, ambayo haina sharti hilo: mtu anaweza kuuchukua, kuubadilisha na kuufungia kabatini. Juu ya hayo kuna tabaka la tatu, yaani duka la programu, ramani, na huduma zile zinazokimbia chinichini ambazo programu nyingi huzitegemea. Tabaka hilo halijawahi kuwa huria hata siku moja. Ni mali ya Google, na hupewa mtengenezaji kwa mkataba.

Mkataba huo ndio ulioifikisha Google mbele ya Tume ya Ulaya, ikatozwa faini ya yuro bilioni 5 mwaka 2018, kwa sababu mtengenezaji aliyetaka duka la programu alilazimika kuweka pia injini yao ya utafutaji na kivinjari chao, na alikatazwa kuuza hata simu moja yenye Android iliyochepuka, yaani iliyobadilishwa bila idhini ya Google. Msimbo uliachwa wazi, lakini biashara ilifungwa kwa makaratasi.

4. Karani Mstaafu

Marekebisho madogo kwa Bwana Kerneli: faini ilikuwa yuro bilioni 4.34. Bilioni 5 ni kwa dola, na magazeti ndiyo yaliyopenda tarakimu hiyo ya mviringo. Mwaka 2022 mahakama ikaipunguza hadi yuro bilioni 4.125. Mkopo wa mtu hauandikwi kwa kukadiria, na faini vivyo hivyo.

Sasa nije kwa Kiraka. Nilifanya kazi benki kwa miaka 22, na naomba usikie upande wa pili wa kaunta. Programu ya benki haiwezi kujua wewe ni mtu mwema uliyekwenda kwa fundi mwema. Inachofanya ni kuiuliza huduma ya Google iliyomo ndani ya simu kama mfumo unaoendesha ni ule uliotiwa sahihi na mtengenezaji na kuidhinishwa. Simu ikishafunguliwa kufuli na kuwekwa mfumo mwingine, jibu ni hapana, na benki inaishia hapo. Mteja akiibiwa usiku, asubuhi hafuati fundi Luthuli. Anakuja kwetu na sauti ya juu.

5. Kiraka wa Umoja

Ahsante Bwana Kerneli kwa darasa, na ahsante mzee Karani. Lakini mzee, dada yangu ana simu ambayo sasisho lake la mwisho la usalama ni la mwaka 2018, na programu ya benki yake, ambayo si yangu, inafunguka bila neno. Hiyo yake ina mashimo ya miaka yote hiyo na inakubaliwa kwa sababu bado ina sahihi ya kiwandani. Yangu imezibwa mashimo hadi mwezi huu na inakataliwa. Kinachopimwa hapo ni usalama, au ni utiifu?

Mama Pili, swali lako nimeliona.

6. Fundi wa Ghorofani

Mimi ni fundi, ingawa si yule wa Kiraka. Nipo jengo la pili kutoka hapo.

Mnabishana juu ya Google na benki, na mmemsahau mtengenezaji wa chipu. Simu haiendeshwi na Android pekee. Kamera, redio ya mtandao, kioo na alama ya kidole, kila kimoja kina draiva yake, yaani programu ndogo inayokiendesha, na nyingi kati ya hizo huja zikiwa zimefungwa, bila msimbo, kutoka kwa kampuni iliyotengeneza chipu. Kampuni hiyo ikiacha kuandika draiva za toleo jipya, mwenye nembo ya simu hana la kufanya hata akiwa na nia njema. Ndiyo maana simu ya shilingi 12,000 hupata sasisho moja, tena kwa bahati.

Jambo la pili ni la aibu zaidi. Bwana Kerneli amesema GPL humlazimu msambazaji kutoa msimbo wa kerneli. Kwenye karatasi ni kweli. Mimi nimetafuta msimbo wa modeli tatu zinazoletwa sana mezani kwangu, nikaandika barua pepe kwa Kiingereza cha heshima, na sijajibiwa mpaka leo. Bila msimbo huo hakuna atakayetengeneza LineageOS ya simu hizo. Kiraka ana bahati kwamba modeli yake ilipendwa na watu walioamua kuishughulikia kwa muda wao.

Asubuhi hii nimeletewa simu ambayo betri imevimba hadi ikausukuma mfuniko wa nyuma, unaona mwanga ukipita ubavuni. Mfuniko wenyewe umegandishwa kwa gundi, kwa hiyo lazima niupashe moto polepole kwa hita, nipitishe kadi nyembamba ya plastiki pembeni, na huku chini ya kadi hiyo kuna betri iliyojaa gesi. Miaka ya nyuma ulikuwa unafungua mfuniko kwa ukucha. Hapo hakuna draiva wala leseni ya kulaumiwa, mtu aliketi akaamua tu.

7. Binti Athi

Nakubaliana na Fundi kuhusu gundi, lakini hoja ya chipu siikubali yote. Kuna kampuni ndogo ya Uholanzi iitwayo Fairphone. Simu yao ya pili ilitoka mwaka 2015, mtengenezaji wa chipu akaacha kuishughulikia baada ya muda, nao wakaendelea kuitolea masasisho hadi mwaka 2023, wakisaidiwa pakubwa na kazi ya jamii hiyohiyo ya LineageOS. Kampuni ndogo kama hiyo iliwezaje kazi ambayo majitu yanasema haiwezekani? Na mwaka 2023 Google waliahidi miaka 7 ya masasisho kwa simu yao ya Pixel 8, kwa hiyo uwezo upo pale panapotakiwa. Hata kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025 zinataka miaka 5 ya masasisho tangu modeli iachwe kuuzwa, na vipuri kwa miaka 7.

8. Mama Pili, South B

Umoja wa Ulaya, Kiraka. Si Umoja ya Innercore. Usiende kudai vipuri kwa katibu wa mtaa.

9. Mhasibu wa Rongai

Binti Athi, umesahau kutaja bei. Fairphone 2 iliuzwa kwa zaidi ya yuro 500. Huku kwetu simu janja ziliingia mikononi mwa watu wengi kwa sababu ya vifaa kama Huawei IDEOS ya mwaka 2011, iliyouzwa kwa chini ya shilingi 10,000, na bila Android ya bure bei hiyo isingewezekana. Huo ndio upande ambao Kiraka hakuutaja katika dai lake la sanduku na ufunguo.

Ndugu yangu ana duka la simu hapa Rongai na mimi humfanyia hesabu Jumapili, nikikaa nyuma ya kabati la vioo. Nawasikia wateja. Wanauliza kumbukumbu ni kiasi gani, kamera ina megapikseli ngapi, chaji inakaa siku ngapi, na kama kuna kava ya bure. Katika Jumapili zote hizo sijasikia hata mmoja akiuliza simu itasasishwa kwa miaka mingapi. Mwenye duka hawezi kuagiza kitu ambacho hakiulizwi, na mtengenezaji hawezi kulipia kitu ambacho hakiagizwi.

10. Shangazi wa Githurai

Mhasibu, wateja hawaulizi kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba simu ina tarehe ya kuharibika kama maziwa.

Lakini mimi nataka kuwarudisha kwenye neno ambalo Kiraka alianza nalo, yaani kufuli. Mnazungumzia kufuli ya kuweka mfumo mpya, jambo ambalo watu wachache hulifanya. Kuna kufuli nyingine inayowagusa watu wengi zaidi. Mwaka 2020 Safaricom na Google walianzisha mpango wa kulipia simu mdogomdogo, amana ya shilingi 1,000 na shilingi 20 kwa siku, na usipolipa simu hufungwa kutoka mbali. Baada ya hapo wauzaji wengine wengi wamechukua njia hiyo ya kufunga.

Mpwa wangu ni mwendesha bodaboda. Alichukua simu ya mkopo kwa kampuni nyingine ambayo sitaitaja, akalipa kila siku, mvua ikinyesha au jua likiwaka, akamaliza. Asubuhi iliyofuata simu ikaamka na ukurasa mmoja tu: jina la muuzaji, nambari ya kulipia, na kitufe cha simu ya dharura. Alikuwa na ujumbe wa malipo ya mwisho, lakini ujumbe ulikuwa ndani ya simu iliyofungwa. Ilichukua siku 3 na safari mbili za mjini kuifungua, na siku hizo 3 wateja wake waliokuwa wakimpigia walimpata mwingine. Sasa niambieni, msimbo wa Linux uliomo ndani ya simu ile ulimsaidia nini?

11. Mhasibu wa Rongai

Pole kwa mpwa, Shangazi, na kosa hilo ni la kampuni. Lakini bila kufuli, ni nani angemkopesha kijana asiye na hati ya mshahara wala mdhamini? Benki ya mzee Karani?

12. Karani Mstaafu

Tusingemkopesha. Nasema hivyo bila kujivuna.

13. Shangazi wa Githurai

Sijapinga mkopo wenye dhamana. Hata ng'ombe huwekwa rehani. Lakini deni likiisha kamba hukatwa mbele ya watu, na mwenye ng'ombe humwona aliyekuwa ameishika. Nilichotaka kujua ni kama ile programu ya kufunga huondolewa kabisa, au hubaki humo imelala.

14. Mwalimu wa Kasarani

Salamu kwa wote. Kiraka ameandika "tarakilishi" na hakuna aliyemcheka, kwa hiyo nina matumaini na jukwaa hili.

Waingereza wana shida moja ambayo sisi hatuna. Neno lao la "huru" na la "bure" ni moja, ndiyo maana Richard Stallman, aliyeanzisha GNU, mradi wa programu huria, mwaka 1983, ameutumia umri wake mwingi akieleza kwamba anazungumzia uhuru na si bei. Kiswahili kilishatenganisha: huria ni huria, bure ni bure. Na bado tumetumbukia shimo lilelile. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, jambo lililowezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi na hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa. Mwaka 2008, mara baada ya ghasia za uchaguzi, Ushahidi ilitengenezwa hapa kwetu kukusanya taarifa za vurugu kwenye ramani, msimbo wake ukaachwa wazi, na ukatumika hadi Haiti baada ya tetemeko la mwaka 2010. Ninapowauliza wanafunzi wangu programu huria ni nini, hujibu kwamba ni programu isiyolipiwa. Wanajua bei. Ruhusa ya kufungua na kurekebisha hawaisemi, na pengine ni kwa sababu simu zao hazijawahi kuwapa.

15. Bwana Kerneli

Mwalimu, nakubali kuhusu neno. Mzee Karani, nakubali kuhusu faini.

Ila bado sijamaliza na Kiraka, aliyesema kwamba makampuni yamechukua kazi ya waliojitolea. Kerneli ya leo kwa sehemu kubwa huandikwa na watu wanaolipwa mshahara na makampuni hayohayo. Na pale palipoachiwa mtu anayejitolea peke yake, tumeona yaliyotokea. Kuna programu ndogo ya kubana mafaili, xz, iliyomo karibu katika kila mfumo wa Linux. Aliyekuwa akiitunza alichoka, watu wasiojulikana wakamsukuma kwa malalamiko akubali msaidizi, na msaidizi huyo, baada ya kufanya kazi nzuri kwa zaidi ya miaka 2, akapenyeza mlango wa siri ndani yake. Uligunduliwa Machi 2024 na Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliyeona kwamba kuingia kwenye mashine kumechelewa kwa nusu sekunde na akakataa kupuuza. Microsoft hiyohiyo ambayo mkuu wake wa wakati huo, Steve Ballmer, mwaka 2001 aliifananisha Linux na saratani. Sisemi makampuni ni malaika. Nasema hadithi ya mnyang'anyi na mnyang'anywa haitoshi hapa.

16. Mama Pili, South B

Nusu sekunde? Simu yangu inachukua nusu dakika kufungua ujumbe na hakuna mhandisi aliyewahi kushtuka.

Mimi naamini wanazipunguza kasi kwa makusudi ili tununue nyingine. Apple walitozwa faini kwa jambo hilo huko Ufaransa.

17. Karani Mstaafu

Mama Pili, walitozwa yuro milioni 25 mwaka 2020 kwa kutowaarifu wateja. Kupunguza kasi kwenyewe walikukiri mwishoni mwa mwaka 2017, wakieleza kwamba betri iliyochakaa ingeweza kuizima simu ghafla. Waweza kuukubali au kuukataa utetezi huo, lakini kosa lililoadhibiwa lilikuwa kimya.

18. Mama Pili, South B

Mume wangu naye husema hakudanganya, alinyamaza tu. Endeleeni.

19. Binti Athi

Wakati mnajadili ya nyuma, kuna la mbele. Nimeandika programu ndogo ya kusoma mita za maji za wapangaji wa ploti yetu. Watumiaji ni 31, na huwatumia faili lake kwa WhatsApp, wakaliweka wenyewe. Agosti 2025 Google walitangaza kwamba simu za Android zilizoidhinishwa zitakubali tu programu za waandishi waliojisajili na kuthibitishwa utambulisho wao, hata programu zisizotoka katika duka lao, kuanzia Septemba 2026 katika nchi za Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha kwingine. Baada ya kelele walisema wataweka njia ya kukwepa sharti hilo kwa ajili ya watumiaji wazoefu. Wapangaji wangu si wazoefu. Kuna bibi wa nyumba ya chini ambaye huniletea simu nimwongezee sauti.

20. Fundi wa Ghorofani

Binti, hapo nimegawanyika. Nimeona simu za watu zilizobeba programu za mikopo zilizotumwa kwa kiungo, zikasoma majina yote ya kwenye simu, na siku ya deni wakapigiwa simu wachungaji, wakwe na wakubwa wa kazi. Mteja mmoja alikuja akitaka niifute bila kuigusa mwenyewe, kana kwamba ina sumu.

Ila baadhi ya programu hizo zilitoka ndani ya duka lenyewe rasmi, lenye walinzi. Kilichobadilisha mambo kidogo ni Benki Kuu kuleta kanuni za leseni kwa wakopeshaji hao mwaka 2022, na duka baadaye kuzikataza kusoma majina na picha. Kwa hiyo sijui kama kumwomba Binti kitambulisho kutamzuia mwizi, ambaye kwa kawaida ana vitambulisho vingi kuliko sisi.

21. Kiraka wa Umoja

Narudi na habari. Leo nimekwenda tawini. Nilipanga foleni, nikamweleza dada wa kaunta mambo yote haya, LineageOS, sahihi, kerneli, naye alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akaniambia nitumie menyu ya nyota na reli, ambayo hufanya kazi kwenye simu yoyote.

Nikamuuliza kama kweli itafanya kazi kwenye kabambe ya marehemu baba, ya vitufe, isiyojua hata intaneti. Akasema hiyo ndiyo bora. Basi sasa natembea na simu mbili: yenye marekebisho ya usalama ya mwezi huu haiaminiwi na benki, na kabambe, ambayo msimbo wake hakuna aliyewahi kuuona na haijasasishwa tangu itoke kiwandani, ndiyo iliyobeba akiba yangu. Mzee Karani, nisaidie hapo.

22. Karani Mstaafu

Menyu hiyo hupitia laini yako na nambari yako ya siri, na haikabidhi siri nyingi kwa simu yenyewe. Hata hivyo nakiri kwamba nikiwa kazini sikuwahi kulitazama jambo hili kwa jinsi ulivyoliweka, na nitamuuliza kijana mmoja niliyemwacha ofisini.

23. Fundi wa Ghorofani

Kiraka, lete simu hiyo nione. Zipo njia za kuificha ionekane kama haijaguswa, ingawa hukaa mwezi mmoja au miwili kisha zinavunjika, na mzee Karani afumbe macho.

24. Karani Mstaafu

Sijaona kitu. Lakini siku ukiibiwa usiandike jina langu katika malalamiko.

25. Mama Pili, South B

Uzi umefika mchango wa 25, tumekwenda Ulaya, Haiti na Athi River, na bado sijajibiwa. Fundi alikutoza kiasi gani?

26. Kiraka wa Umoja

Shilingi 1,200. Na chai.